Chumba cha Mkwe

Jumamosi, 8 Juni 2024

Nimeacha pamba shambani, nimekuja Bariadi mjini kwa mkwe wangu Danford. Binti yangu Esteria ameondoka. Danford anasema kapanda fuso la pamba na dereva wake, wameenda Geita. Kamwacha mjukuu wangu Nancy — na bado ananyonya!

Mkwe kainama, usoni haniangalii. Ndiyo heshima yetu. Kasema, mayu, mama yangu, nyumba imekosa mwanamke. Nikamhurumia. Nimefagia, nimemwaga jiki, nimesugua sebule yote mpaka vidole vimechubuka, maana Nancy anatambaa na kila kitu anatia mdomoni. Chumbani kwao sikugusa. Mama mkwe haingii anapolala mkwe.

Kanishukuru sana.

Jumatatu, 17 Juni 2024

Nancy niko naye huku kijijini. Maziwa ya ng'ombe anayakataa, analia mpaka anachoka.

Leo kisimani jirani Apolonia kasema wenzangu wanazaa walimu, mimi nimezaa abiria. Wakacheka. Nimejitwika ndoo nikaondoka.

Mchana kaka yangu Masele karudi kutoka kiwanda cha pamba. Kamkuta yule dereva wa fuso. Yupo na mke wake, Geita hajaenda, Esteria hamjui hata kwa sura. Nikauliza, sasa mwanangu yuko wapi? Masele hakukaa. Kasema tu, dada, vaa viatu, twende polisi.

Alhamisi, 20 Juni 2024

Polisi wamekuja nyumbani kwa Danford na binti wa maabara kutoka Mwanza, Anifa. Mdogo, sauti ya taratibu, kaniamkia vizuri. Kataka giza na jua ndio kwanza liko utosini. Wameziba madirisha kwa mablanketi. Danford uani na pingu, anaangalia kuku.

Anifa kanieleza: damu hata ikifutwa, jicho lisiione, dawa yake inaiona. Ukiipuliza inawaka bluu. Kapuliza sebuleni. Nikachungulia — sakafu nzima ikawaka. Nilidhani nakufa.

Kauliza nani kapiga deki na jiki. Mimi. Kashusha chupa. Halafu kasema, mama, jiki nayo inawaka vilevile, hapa hatutajua kitu.

Afande Ramadhani akaniangalia kama mwizi. Nani alikutuma usafishe? Nikasema hakuna, niliona nyumba chafu, mjukuu anatambaa.

Kumbe ndiyo maana Danford alinishukuru.

Anifa kauliza, na chumbani ulisafisha? Nikasema chumba cha mkwe siingii. Kasimama palepale na chupa yake. Hujaingia kabisa? Kabisa.

Wakaingia wao, na Masele kama shahidi. Mimi nje ya mlango, nimegeuza uso. Hata leo, na yule mtu kafungwa pingu, nimegeuza uso! Nasikia tu dawa, psi, psi. Kisha Anifa kasema, afande, funga huo mlango.

Masele hakutaka kusema, nimemlazimisha. Mguu wa kitanda. Ukuta, huku chini. Na mstari, kama kitu kimeburutwa kuja mlangoni. Ukifika sebuleni mstari unapotea kwenye bluu yangu.

Danford kasema alichinja mbuzi wa Pasaka. Masele kamuuliza, mkwe, huyo mbuzi alikuwa analala kitandani?

Ijumaa, 28 Juni 2024

Kituoni, kwenye benchi. Nancy nimemwacha kwa Masele.

Wamepima. Si mbuzi. Ni mtu. Sasa wanataka mate yangu wafananishe na ile damu. Kijiti chenye pamba, kinapitishwa ndani ya shavu, basi. Walinionya nije bila kula, chakula kinaharibu kipimo.

Afande kasema gari la Mwanza linaondoka sasa hivi. Bila mate yako, mama, damu ile haina mwenyewe, na mkweo nitamwachia. Ndugu zake wamejaa hapo nje, wananiangalia.

Nimeelewa. Shule yangu ndogo lakini nimeelewa. Yasipofanana, Esteria yuko Geita, mpumbavu wangu, malaya wangu hata wakisema, mzima. Nitamchapa na nitampikia. Yakifanana — siandiki.

Kwenye pindo la kanga nina michembe, vile viazi vyetu vikavu, nimebeba viwili vya kula njia ya kurudi. Anifa alipogeuka kuvaa glavu nikatia kimoja mdomoni. Kaniona natafuna. Hakunigombeza. Kasema suuza mdomo, mama, tutasubiri kidogo.

Afande kamwangalia, kaniangalia, katoka kumzuia dereva wa gari la Mwanza.

Nimesuuza. Gari linanguruma. Anifa ananiita, kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kwenye kanga kimebaki kimoja.