Vitabu Sita, Jicho Moja

Jumamosi, 8 Juni

Matone ya macho saa kumi na mbili asubuhi. Chai. Ukungu umekaa mpaka saa nne, kwa hiyo nimesoma kuanzia hapo hadi saa sita. Kiti dirishani, kitabu nimekiegemeza kwenye fremu. Kurasa kumi na nne.

Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati panaonekana, pembeni hamna kitu.

Nimemaliza kitabu cha kumi na tatu cha Kivuma. Vimebaki sita.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Mama amekwenda peke yake, amenuna.

Mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwalimu wa Jiografia, anajifungia ndani na hadithi za nchi isiyokuwepo. Najua inavyoonekana. Lakini Kivuma nimekaa muda mrefu kuliko nilivyokaa popote. Waandishi wanne waligawana nchi moja ya kubuni, kila mmoja akachukua upande wake, vitabu kumi na tisa. Milima ya huko huhama kila masika. Ndiyo maana kuna wachora ramani, na ndiyo maana kuna Sihaba, mchora ramani, ambaye kwa vitabu vitatu amekuwa akitafuta njia ya kurudi kwao.

Cha kwanza tulikisoma na Zaina kidato cha pili, bwenini Tanga, kitanda kimoja, mimi nikimsubiri amalize ukurasa. Siku hizi anauza vitenge Soni. Yeye amevimaliza vyote kumi na tisa. Mimi nilikuwa naviwekea akiba, kama mtu anayeficha sukari.

Ujinga.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi hospitali. Presha ya jicho haijashuka. Matone hayasaidii, na upasuaji wa jicho la kulia ulishindwa, kwa hiyo daktari haoni sababu ya kuchokoza la kushoto. Nikamuuliza nina muda gani. Akasema hawezi kusema. Nikamwambia mimi ni mwalimu, makadirio nimeyazoea.

"Mwezi mmoja," akasema. "Au miwili. Ikiwa vibaya, pungufu ya hapo. Pole sana, mwalimu."

Kijana mpole. Nilimchukia kwa kama dakika kumi.

Ndani ya basi, tangu Mombo mpaka huku juu, nilikuwa nawaza vitabu sita. Sikumuwaza Mama. Sikuiwaza kazi. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 13 Juni

Hesabu. Jua likiwa zuri nasoma kurasa kumi na mbili au kumi na nne kabla herufi hazijaanza kuogelea. Siku za ukungu, sifuri. Huu ni Juni, na Julai inakuja. Sita haviwezekani. Viwili, labda.

Viwili vya yule mwandishi wa wafalme: wanaume wanapigiana kelele, farasi wanakufa. Hivyo nimevitoa bila uchungu. Viwili vya wanawake wa soko la Ndwati, vinachekesha, kila kimoja kinajitegemea. Hivyo vimeniuma kidogo. Kimebaki *Vita vya Mabonde*, kinene, kurasa mia mbili tisini na sita. Na *Ramani ya Mwisho*, ambamo Sihaba anafika kwao au hafiki.

Sasa tatizo. *Ramani ya Mwisho* inaanza pale *Vita vya Mabonde* inapoishia. Imeandikwa hata kwenye jalada la nyuma la nakala iliyo kwa Zaina: kisomwe baada ya hicho.

Nimempigia Zaina. Akasema bila kufikiri, "Anza na Ramani."

"Sitaelewa kilichotokea bondeni."

"Utaelewa. Usipoelewa utaniuliza."

Nikamwambia nimefundisha miaka kumi na tisa, na anayeruka sura ndiye anayefeli. Kisha akasema, "Eliwaza, upofu haufuati mpangilio."

Nikakata simu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeanza *Vita vya Mabonde*. Kurasa kumi na moja. Niko sahihi. Kitu kikifanywa, kifanywe kwa utaratibu.

Jumatatu, 17 Juni

Ukurasa wa 42. Majenerali saba, na watatu kati yao majina yao yanaanza na M. Inanibidi nirudi nyuma kuwatofautisha, na kila nikirudi natumia jicho.

Sihaba bado.

Jumapili, 23 Juni

Leo Mama amesema. Alikuwa anangoja.

Nilikuwa dirishani. Akaja akasimama upande wa kulia, kwa hiyo sikumwona mpaka alipozungumza. Alisema kwa Kishambaa, polepole, kama anavyoongea msibani. Kwamba mwanga uliobaki ni wa Mungu. Kwamba watoto wa kaka yangu wapo Mnazi, sijaenda kuwatazama tangu mdogo alipozaliwa. Kwamba yeye mwenyewe amezeeka, na uso wake nitaukumbuka ule wa zamani.

"Macho yaliyobaki unawapa watu ambao hawapo," akasema.

Nilimtazama. Nilimtazama vizuri, kipande kwa kipande, kwa sababu uso mzima hauingii tena: kidevu, kisha mdomo, kisha jicho moja, kisha lingine. Akaona ninachofanya, akageuka akaenda jikoni.

Kisha nikarudi kwenye kitabu. Ndiyo. Nilirudi.

Ukurasa wa 118.

Jumanne, 2 Julai

Shule imefunguliwa. Mkuu wa shule aliniita ofisini kabla ya gwaride. Vipindi vyangu vyote amepewa mwalimu mgeni kutoka Tanga. Mimi nitakuwa "nasaidia ofisini" mpaka barua ya wilayani ije. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilinichosha. Akanishika mkono kunivusha kizingiti ambacho nimekivuka miaka kumi na tisa.

Niliingia kidato cha tatu kuaga. Wakasimama wote, "Shikamoo mwalimu." Niliona safu ya mbele tu. Waliobaki walikuwa sauti.

Sikulia pale. Nililia chooni, upesi, kwa sababu daktari hakusema kama machozi yana madhara na sikutaka kujaribu.

Jumamosi, 6 Julai

Ukungu siku ya nne mfululizo. Taa ya umeme haisaidii, inaweka mng'ao juu ya karatasi na herufi zinazama chini yake. Nimekwama ukurasa wa 231 tangu Jumatano.

Jana nimejikwaa kwenye kigoda, nikamwaga sufuria ya maharage. Mama aliyaokota.

Bado naweza kuacha. Bado naweza kumwambia Zaina alete *Ramani*, na siku jua likitoka nianze hicho. Nimewaza hivyo asubuhi yote. Lakini zimebaki kurasa sitini na tano, na nikiacha sasa, hizi mia mbili thelathini na moja nilizisoma za nini?

Hivyo ndivyo mtu anavyopotea njia. Huwa nawaambia wanafunzi kwenye somo la ramani: ukigundua umekosea, rudi ulipokuwa na uhakika. Hawanisikilizi. Na mimi pia.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekimaliza. Kurasa za mwisho nimezisoma kwa lenzi, neno moja moja, pua imegusa karatasi. Imenichukua siku mbili kusoma kurasa tisa.

Sihaba anatokea ukurasa wa 288. Anaondoka ukurasa wa 291. Anafika mtoni na furushi lake la ramani, askari anamwambia daraja limevunjwa, anageuka na kufuata kingo kuelekea kaskazini. Basi. Kisha majenerali tena.

Karibu mwezi mzima. Zaina angeniambia kwa simu: daraja limevunjwa, kapita kaskazini. Pumzi moja.

Nimekaa na kitabu mapajani mpaka Mama alipoita chakula. Sikula. Sijamkasirikia mwandishi. Hakujua kama kuna mtu atakayekisoma kwa jicho la mwisho.

Jumatatu, 15 Julai

Zaina amempa kitabu kondakta wa Kosta ya asubuhi. Nimekwenda stendi mwenyewe, kwa kupapasa ukuta wa maduka. Kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Hajaandika chochote. Angeweza kuniandikia "nilikwambia". Hakuandika.

Maandishi ya *Ramani* ni madogo kuliko ya vile vingine. Sikuwa nimelifikiria hilo. Vitabu kumi na vinne vya saizi moja, cha mwisho wamebana herufi.

Jua lilitoka saa tano. Nikasoma mistari minne. "Sihaba aliamka kabla ya mlima." Sentensi ya kwanza hiyo. Nzuri. Ni ya yule mwandishi wake tu, wengine wasingeiweza. Nikairudia mara tatu, tamaa tu, badala ya kusonga mbele.

Ya pili ina maji na kiatu. Ya tatu sikuipata yote. Ya nne ilikuwa mchwa watupu.

Jumanne, 16 Julai

Jua zuri tangu saa tatu. Jua la kuanika mahindi.

Hamna kitu.

Alhamisi, 18 Julai

Mwanga wa dirisha naujua ulipo. Vivuli navijua. Herufi zimekwisha. Nimejaribu kitabu, nimejaribu kalenda ya ukutani, nimejaribu jina langu kwenye bahasha. Nimejaribu mchana na nimejaribu jioni. Hakuna kilichobaki cha kujaribu.

Hapa naandika kwa kuweka rula chini ya mkono na kuishusha kila mstari. Sijui kama inashuka sawa.

Sina hasira. Ningependa kuwa nayo, ingekuwa kitu cha kufanya.

Jumapili, 28 Julai

Zaina amepanda leo, kafunga duka. Nikamsikia mlangoni: "Shikamoo mama." Mama akamwitikia kwa furaha kuliko anavyoniitikia mimi siku hizi. Kaja na mkate wa mofa. Hakunipa pole. Alikaa kwenye kiti changu cha dirishani, akauliza, "Umefika wapi?"

"Mstari wa nne."

Akaanza.

Namwandikia nani uongo? Nitaandika kweli. Haikuwa nzuri. Zaina anasoma mbio, anameza miisho ya maneno, anasoma kama anayemtajia mteja bei za vitambaa. Na kumbe kwa miaka yote hii yeye humwita *Siháaba*, anavuta katikati. Kwangu amekuwa *Síhaba*, mwepesi, jina la mtu anayetembea haraka. Hatujawahi kulitamka pamoja. Tulisoma kimya. Leo nimegundua tulikuwa na wanawake wawili tofauti.

Wangu alikuwa na sauti. Zaina alipofungua mdomo ile sauti ikaondoka. Sikuisikia tena, hata alipopumzika kunywa chai.

Ukurasa wa ishirini na kitu Mama akaita kutoka jikoni, "Huyo Sihaba ni mtoto wa nani?"

Nikasema, "Wa fundi viatu." Zaina naye wakati huohuo akasema, "Wa mganga." Tukabishana. Yeye anasema fundi viatu alimlea tu, imo kwenye kitabu cha tano. Mimi kitabu cha tano nimekisoma mara mbili, siikumbuki hiyo. Hakuna wa kufungua kuhakikisha ila yeye, kwa hiyo ameshinda.

Alipoondoka akaniuliza, "Nije tena?"

Nikamwambia, "Njoo."

Aliposhika mlango akasema, bila kunigeukia, nadhani, maana sauti yake ilikwenda nje: "Heri ningekulazimisha. Siku ile ya simu. Ningepanda nikuletee nikulazimishe."

Nikamwambia nisingekubali. Hiyo ni kweli. Haikumsaidia.

Jumapili, 4 Agosti

Zaina alikuja. Tumefika ukurasa wa 53. Sihaba anafuata mto. Mlima uko upande usio wake.

Nililala katikati ya sura ya tatu. Nilipoamka alikuwa bado anasoma, kwa sauti ya chini. Mama alikuwa amehama jikoni, amekaa chumbani na sisi. Sikuwaambia nilichokosa. Nilijidai nipo.

Alhamisi, 8 Agosti

Zaina amepiga simu. Shangazi yake amefariki Tanga, aliyemlea. Ameshateremka, atakaa mpaka arobaini. Nikampa pole. Akasema kitabu amekiacha hapa kwetu juu ya kabati, nimtafute mtu anisomee. Nikasema nitatafuta.

Sitatafuta. Mama hajui kusoma. Walimu wenzangu wangekuja, lakini ningelazimika kuwaeleza Kivuma tangu mwanzo, na kusikia wakinionea huruma kati ya aya na aya.

Siandiki tena ili nije kusoma. Mkono umezoea tu.

Jumapili, 18 Agosti

Ibada nimekwenda. Mama alinishika kiwiko. Watu wengi wamenisalimia, nimewatambua wachache.

Alasiri tumekaa nje kwenye jamvi, kuna jua kidogo, nalisikia begani. Mama anachambua maharage. Baada ya muda akaniuliza, "Yule mwanamke wenu alifika kwao?"

Nikamwambia sijui.

"Zaina anajua?"

"Zaina anajua."

Nilidhani atasema nimpigie. Hakusema. Akasukuma ungo ukaja katikati yetu, akauchukua mkono wangu akauweka ndani.

Nimechambua mpaka jua likaondoka begani. Mawe yanajulikana kwa vidole. Maharage yaliyooza pia.