Leo Nimeliliwa Nikiwa Hemani

Jumamosi, Mwisenge. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, mchana jua limewaka, na sasa wingu linajikusanya upande wa magharibi. Limenuna. Mimi nimenuna zaidi.

Naandika nikiwa nimekaa kizingitini, simu mkononi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Uani kuna mashimo manane ya vigingi lakini hema halipo. Hema limeondoka na mwanangu Magesa ndani ya buti la gari lake, limeenda kwake Kabasa, Bunda. Na mimi natakiwa kulifuata Jumatatu, na kitanda changu na sufuria zangu.

Nina hasira. Niseme hivyo tu, nisizunguke.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mjane, miaka sabini na miwili. Tangu nistaafu napiga kambi. Hema nalishona mwenyewe kwa cherehani ya miguu, nguzo za mianzi nazikata mwenyewe, na jiko natengeneza kwa kopo la rangi. Mara tatu au nne kwa mwaka naenda kwetu Kiriba kwa dada yangu Nyasungu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye amenizidi miaka mitatu. Tunapanda juu ya miamba inayoangalia ziwa, mbali na njia za viboko, tunalala hapo siku tatu. Tunavua sato kwa ndoano, tunabishana, tunarudi. Wenzangu wana televisheni, mimi nina hiyo.

Watu hawalipendi jambo hili. Hawasemi hivyo usoni. Wanasema, "Mwalimu, si upumzike sasa?" Dukani wananiambia nipumzike. Kanisani nipumzike. Mkwe wangu Neema kila akipiga simu, kabla hajauliza nimekula nini, ananiambia nipumzike. Na hao hao, mtu akifa, wanaandika kwenye tangazo: amepumzika. Neno ni moja. Sasa nikiuliza wananitakia nini hasa, naonekana mkorofi.

Basi leo wamenipumzisha.

Hema langu la zamani lilipasuliwa na upepo safari iliyopita. Nikaenda kwa fundi wa maturubai pale karibu na soko, nikapata kipande kizito, kizuri, cha mistari ya buluu na nyeupe. Fundi akanitazama. "Mwalimu, hili ni la misibani hili. Watu wanalijua." Nikamjibu kwamba kitambaa ni kitambaa, na aliyekufa hajakishika. Nakiri, fundi alikuwa sahihi. Sitamwambia.

Nikalishona wiki nzima. Nikalirefusha kwenda juu, ili niweze kusimama ndani, maana magoti yangu hayataki tena kutambaa. Ndiyo maana kilele chake kilionekana juu ya ua wa michongoma, hadi barabarani.

Leo alfajiri nimelisimamisha uani. Nikapaka mishono nta ya mshumaa ili mvua isipite. Nikawasha moto kwenye mafiga, nikabandika sufuria kubwa ya maharage. Nayachemsha, nayaanika, yakikauka ni mepesi kubeba na kambini yanaiva upesi. Geti nikalifunga kufuli kwa ndani kwa sababu mbuzi wa jirani walishakula kamba zangu mara mbili. Simu nikaiacha ndani ikichaji. Kisha nikalala chali hemani ili nitafute matundu ya sindano, maana penye tundu mwanga wa jua unapenya, unaliona, unaliziba.

Nimeona matundu matatu, halafu nikasinzia.

Siyo kwamba nilitaka kujaribu godoro, kama nilivyowaambia watu. Nilichoka. Niliamka saa kumi usiku kwa papara ya kazi, na saa tatu asubuhi mwili ulikuwa umekwisha. Hilo sijamwambia mtu, naliandika hapa tu.

Sasa wewe mpita njia wa Mwisenge, niambie ungefikiri nini. Kwa mjane wa miaka sabini na miwili kuna turubai la mistari ya buluu, moshi wa jiko la nje, geti limefungwa, na simu haipokelewi. Jirani yangu Mama Wambura hakuhitaji zaidi ya hapo. Akampigia Magesa Bunda kumpa pole. Akapiga simu kwa mwenyekiti wa jumuiya. Akaenda kuleta kuni.

Nimeamshwa na kilio.

Kwanza nilidhani ni kwa jirani. Nikaanza kujilaumu kwamba nina msiba mlango wa pili na mimi nimelala. Kisha nikasikia jina langu. Walikuwa nje ya ua, barabarani, wametandika mikeka kando ya michongoma wakingoja geti lifunguliwe. Kati yangu na wao hapakuwa na hatua kumi.

"Alikuwaga mkali huyu, lakini wasichana wetu wote kawafundisha kushona."

"Ameumwa nini?"

"Si mambo yake ya kulala kwenye mawe huko Kiriba! Tulikuwaga tunamwambia, mama pumzika, hasikii."

"Haya. Sasa amepumzika."

Na mwingine, sauti ninayoijua vizuri maana kila Jumatano tunasali pamoja, akasema, "Afadhali."

Afadhali!

Hapa kuna jambo ambalo ni lazima niliandike, hata kama msomaji ataniona vibaya. Sikutoka. Ningeweza kukohoa tu ikaisha. Nikakaa kimya, nikavuta kanga hadi kidevuni, nikasikiliza. Nilitaka kujua nani analia kweli na nani anauliza kama maharage yameiva. Robo saa nzima nilikuwa marehemu, na kusema kweli nilifurahia kidogo. Hasira nayo ina utamu wake.

Ndipo gari likaja, mlango ukafunguliwa kabla halijasimama sawasawa.

"Mama! Mama yangu jamani!"

Mwanangu ana miaka arobaini na sita. Ana kitambi, ana duka la vifaa vya ujenzi, anaogopwa na wafanyakazi wake. Alilishika geti akalitikisa hadi bawaba zikalia. Alikuwa analia kama alivyolia siku ya kwanza nilipomwacha shuleni. Na mimi, mama yake, nilikaa kimya pumzi mbili au tatu zaidi. Nilitaka kuhakikisha.

Hizo pumzi tatu ndizo zinazoniuma sasa. Mengine yote najitetea.

Nilipojaribu kusimama, magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Urefu wote ule wa hema na bado nimetoka nikitambaa, nta kwenye nywele, kanga kichwani. "Magesa, acha kuvunja geti," nikasema. Mama mmoja alimwaga sinia zima la unga wa muhogo. Mwenyekiti wa jumuiya alifanya ishara ya msalaba kisha akasogea nyuma ya mkewe. Mama Wambura, badala ya kuona haya, akasema kwa sauti, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilifungua kufuli. Magesa alinikumbatia hadi nikakosa hewa. Nilimwangalia miguuni, alikuwa amevaa ndala moja ya buluu na nyingine nyekundu. Nikataka kumwomba radhi. Nilikuwa tayari kabisa, neno lilikuwa mdomoni.

Akawahi yeye. "Mama, aibu gani hii? Unanifanyia hivi kwa sababu ya hema?"

Nikalimeza neno langu.

Mikeka ilikuwa imeshatandikwa, watu wameshakusanyika, na watu wetu hawawezi kukusanyika bure. Msiba ukageuzwa kikao. Kikao hicho kilikuwa uani kwangu, kwenye mikeka ya jumuiya, huku wakila maharage yangu ya kambi kwa ugali wa unga walioleta kunizikia. Wakajadili afya yangu. Wakajadili viboko, nyoka, baridi ya ziwa. Mmoja akasema ng'ombe akizeeka anarudishwa zizini. Neema, aliyekuja na mumewe Magesa kwenye gari, akasema chumba Kabasa kiko tayari, kina feni, kina televisheni, na mama hatainua hata kikombe. Alisema hivyo kama ahadi. Mimi nilisikia hukumu.

Hakuna aliyeniuliza. Marehemu haulizwi.

Nilipopinga, Magesa akaniambia taratibu, mbele ya watu, "Mama, mwezi wa pili ulianguka kule kwenye mawe ukanidanganya umejigonga kitandani. Mama mkubwa Nyasungu aliniambiaga." Ni kweli. Paja lilivimba wiki mbili na nilimdanganya. Hapo ndipo kikao kilipopitisha nihamie Kabasa. Akang'oa vigingi yeye mwenyewe, akakunja hema vibaya, kinyume na mishono, akalitia kwenye buti.

"Jumatatu saa nne nakuja na kirikuu kubeba vitu," akasema. "Kesho upumzike."

Wote walipoondoka nikaanza kukusanya vyombo. Juu ya kiti alichokalia Neema kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Nikadhani ni orodha ya dawa zangu. Ilikuwa wasifu wa marehemu. Kauandika njiani, kwenye gari, mwandiko unarukaruka kwa mashimo ya barabara.

Nimesoma wasifu wangu, na si wengi wanaobahatika.

"Mama yetu alikuwa mpole na mnyenyekevu. Alikuwa mtu wa nyumbani. Alifundisha shule mbalimbali mkoani Mara. Baada ya kustaafu alipumzika nyumbani kwake Mwisenge, akilea wajukuu, hadi Bwana alipompenda zaidi."

Basi. Mistari mitano. Nimezunguka mashamba na ziwa miaka yote hii, nimeungua vidole kwa makopo ya rangi, nimelala juu ya jiwe lenye joto la mchana nikisikiliza maji, na mwishowe nitasomewa mistari mitano kanisani kwamba nilikuwa mpole. Nani alikuwa mpole? Waulizeni wanafunzi wangu! Na watu wataitikia amina. Hakuna atakayesimama kusema, jamani, huyu siye.

Hiki ndicho kilichoniudhi kupita kilio na kikao. Feni ya Kabasa ningeizoea. Lakini nikienda Kabasa, ule wasifu utakuwa wa kweli.

Nikatafuta kalamu nyekundu. Ninayo bado, mwalimu hastaafu kalamu. "Mpole" nimekata. "Mnyenyekevu" nimekata mara mbili. Penye "shule mbalimbali" nimeandika: Butiama, miaka kumi na mmoja, na kila likizo aliwapeleka wasichana kulala nje nyuma ya mlima, wakajifunza kufunga hema kwa kanga na kamba ya katani bila kuazima nyundo kwa mwanamume. "Akilea wajukuu" nimeweka alama ya kuuliza, maana wajukuu hawaletwi, wanasema kwangu hakuna mtandao. Na "alipumzika" nimeizungushia duara.

Kisha nikampigia Nyasungu. Habari ilikuwa imeshafika Kiriba, ameshajifunga kanga kiunoni kuja kunizika. Aliposikia sauti yangu akanitukana kwa lugha ya kwetu tusi refu ambalo mama yake angelisikia angemchapa. Nikamwambia na mimi nina la kwake, amenisema kwa Magesa. Akasema, "Nilikusema maana uliangukaga ukanikataza nisikuinue."

"Hema unalo?" akauliza.

"Sina. Wamechukua."

"Njoo hivyo hivyo."

Limebaki pande moja la mistari ya buluu, halitoshi hema lakini linatosha paa. Ukifunga ncha mbili kwenye mwamba na mbili kwenye mianzi, unalala. Nimewafundisha watoto wa miaka kumi na mbili kufanya hivyo. Kesho nitakwenda misa ya kwanza na mzigo wangu, nikae benchi la mbele wanione vizuri. Nikitoka, bodaboda ananingoja. Safari hii nikianguka nitakubali kuinuliwa. Hiyo nimeahidi, na nimeahidi kwa Nyasungu, siyo kwa kikao.

Kwa Magesa sijui niseme nini. Zile ndala mbili haziniondoki machoni. Mtu aliyetoka nyumbani na ndala za namna ile hakuja kunifunga, alikuja kunizika, na kati ya hayo mawili amechanganyikiwa. Hasira yangu bado ipo. Lakini chini ya karatasi nimeandika kwa ajili yake, kwanza maneno niliyoyameza mchana: Nisamehe, nilikusikia ukilia nikachelewa kutoka. Njoo Kiriba Jumatano na hema langu, likunje kufuata mishono, na wewe ulale usiku mmoja kwenye mawe uone.

Jumatatu saa nne atakuta kufuli, na karatasi hii imefungwa getini kwa kamba. Pale juu, kwenye kona, nimeupa wasifu wangu alama mbili kwa kumi, na nimeandika kama nilivyoandika kwenye madaftari yote ya maisha yangu:

Rudia. Hujamjua.