Mnyororo Shingoni mwa Mjomba

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono unakataa kuanza barua bila hiyo.

Tangu tukuzike, wageni bado wanakuja kulala katika nyumba zetu hapa kijijini. Ila hawapokelewi kama ulivyowapokea wewe. Uliwaketisha jikoni, ukawapa chai na michembe ya viazi vilivyokaushwa, ukawasimulia babu yako alivyobeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa ujira wake, akarudi kwa miguu yake mwenyewe. "Mzigo si aibu," uliwaambia. Wakaondoka wanamheshimu.

Mwenyekiti mpya wa kikundi chetu cha kupokea wageni anasema hadithi yako imepoa. "Wageni wanataka kulia," alituambia kikaoni. Akatengenezesha mnyororo kwa fundi wa Tabora mjini, akaupaka matope uonekane wa kale. Sasa wageni wakifika, mzee mmoja anafungwa shingoni kama mtumwa, anabebeshwa gunia, anazungushwa uani kwako apigwe picha.

Nisikufiche, Mama. Mara ya kwanza nilipakua ugali tu. Nilijichukia mpaka chakula kikanishinda.

Wiki iliyopita zamu ikawa ya Mjomba, kaka yako, na kile kifua chake kibovu. Akajikwaa, akaanguka. Mgeni mmoja akaomba aanguke tena, picha haikutoka vizuri. Mwenyekiti akacheka. "Rudia, mzee."

Na Mjomba akarudia. Mama, alirudia.

Niliweka mwiko chini, nikaenda kumfungua. Shingo ilikuwa na jasho na matope. Mnyororo nikautumbukiza kwenye shimo la choo, wote wakiona. Nikawaambia wageni babu yetu hakufungwa na mtu, wameuziwa uongo. Mwanamke mmoja aliomba radhi. Mwenzake akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Wamenitoa kwenye kikundi. Majirani wananipita bila salamu, eti nimewafukuzia wageni. Nikiwaona, nageuza uso, halafu nakumbuka nami nilipakua ule ugali.

 Jana asubuhi Mjomba alikuja, akakaa, tukamenya karanga pamoja mpaka jua likawa kali.

Pumzika, Mama. Chumba chako nitakipaka chokaa, nimkaribishe yeyote anayetaka kusikia habari zetu. Asipokuja mtu, nitalima. Lakini nikiwa hai, hakuna atakayefungwa tena uani kwako.

Buriani.

Mwanao,
Kalunde