Swichi Zilivyoendelea Bila Kontrola

Kaka Beno,

Na jambo lingine ambalo sijakuambia: shemeji yako ana dimpozi! Naandika nikicheka peke yangu, yeye yuko nje anaanua nguo. Mwanamume anaanua nguo, Kaka, ili mimi nifanye mazoezi. Nisimpende vipi Deo wangu?

Ijumaa nina usaili wa vitendo, kazi ya mitandao hapa Songea mjini. Wanataka mtu wa mitandao inayoongozwa kwa programu. Siyo kama ulivyokuwa ukizunguka maofisini na ngazi begani, ukipanga swichi za mtandao moja baada ya nyingine. Siku hizi programu moja, wanaiita kontrola, inaziambia swichi zote data ipite wapi. Nimesoma sana, ila nilikuwa sijagusa. Nikawa nasikia sauti yako: "We Neema, umesoma, haya. Sasa shika!"

Nishike wapi? Kwenye kicheni pati niliomba memori ya laptopu, ili iweze kubeba programu za mazoezi. Mama mdogo Tekla akauliza, "Hiyo inapikiwa nini, mwali?" Nikapewa masufuria. Memori alininunulia Deo. Sasa laptopu yako ile nzito ina programu ya bure inayotengeneza swichi za kuigiza, nyingi utakavyo. Ukiharibu unafuta, unaanza upya. Bando likiwepo naingia kwenye maabara za mtandaoni. Kisha Deo akapata ruta chakavu kwa fundi sokoni, tukaiwekea programu huria ili ifanye kazi kama swichi, nikawa na kitu cha kushika kweli. Yeye anakaa mkekani na kompyuta yake, ananitumia ujumbe kupitia ruta: "Mke wangu, nimefika?" Nikikosea kanuni za kupitisha data ananiita kwa mdomo: "Umenizuia tena, mama! Nimekosa nini?"

Jana nilizima kontrola yangu, iliyo ndani ya laptopu, kwa bahati mbaya. Nikajua basi, kila kitu kimekufa. Mara ujumbe wa Deo ukaingia: "Bado nakupenda." Ruta ilikuwa inafuata maelekezo iliyokwisha kupewa. Kaka, nililia. Deo akadhani laptopu imeungua! Kumbe nakulilia wewe. Hata leo nikibana waya, nabana kama ulivyonionyesha.

Ila tulipochomeka kompyuta ya jirani, haikupata kitu. Kwa mgeni hakukuwa na maelekezo. Ikabidi niwashe kontrola na kuandika kanuni mwenyewe, nikakosea, nikarudia, ikakubali! Hapo hofu ya Ijumaa ikapungua. Wakinipa jambo ambalo hukuwahi kunifundisha, nitaanza tu, kwa mikono yangu.

Lala salama, Kaka yangu. Nipate kazi nisipate, kabla mwezi huu haujaisha tunakuja Mpitimbi. Nitapalilia kaburi lako, na Deo atasimama pale akuamkie mwenyewe, maana hamkuwahi kuonana. Nakuahidi.

Mdogo wako,
Neema