Neno la Siri la Papa

Furaha, mujukuu wangu wa Lubumbashi,

Sisi huku Kalemie tuko wazima, samaki ndogo za ndakala zinapatikana, na mbuzi ya jirani imekula tena mboga zangu za lengalenga.

Unauliza sababu gani naogopa ile feza ya mu telefone isiyo na banki, inayofunguliwa na maneno kumi na mbili ya siri, na ukiyasahau hakuna biro ya kwenda kulilia.

Nilipokuwa binti kule Mpala, kando ya ziwa, wavuvi waliweka mulinzi wa mitumbwi. Kila mwenye mutumbwi alimupa neno lake la siri; bila neno, haupewi. Papa, baba yangu, alichagua "Ng'ombe ya Pepa", sababu ng'ombe za kule milima ya Pepa alizipenda sana. Ili asilisahau, kila jioni alilitia mwisho wa litania ya watakatifu, na sisi wote, pamoja na majirani, tuliitikia.

Siku moja ndakala zilijaa, wenzake wakaondoka, naye neno likamupotea.

"Papa, nakujua vizuri," mulinzi akasema, "lakini neno?"

Mama alikuwa anaanika samaki pale. Akaanza litania kwa sauti: "Mutakatifu Petro!"

"Utuombee!" wakaitikia waanikaji wote.

Alipofika mwisho akanyamaza. Kinywa cha Papa kikaendelea chenyewe: "Ng'ombe ya Pepa!"

"Utuombee!"

Mutumbwi alipewa. Njo vile siri iliisha.

Yale maneno kumi na mbili uliyonitumia sijayakataa, nimeanza kuyashika. Lakini jana, kisha sala, mama jirani aliniuliza Mutakatifu Mwavuli ni wa inchi gani. Yabadilishe mbele ya Jumapili, mutoto wangu. Siku ile inasali parokia nzima.

Nkambo wako,
Mama Anjelina