Kipokezi cha Chumba cha Nyuma

Nyumbani,
Jumamosi asubuhi, wengine wameenda sokoni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukitembea vizuri, maana mara ya mwisho ulisema goti linakusumbua kwa zile ngazi za kazini. Umeshamwona daktari, au bado unalipaka dawa ya kuchua na kujidanganya? Na yule jirani wako wa juu anayeburuta viti, amehama? Huku miili ni mizima. Mama ana mafua yasiyokwisha. Kaka amepata kazi kwenye duka la matairi na sasa anatembea kama vile duka ni lake. Mimi nimefaulu mitihani ya lugha zote mbili, ya nyumbani na ya shuleni, na Baba amewatangazia watu mtaa mzima kwamba ana mtoto anayejua lugha mbili na hajui kuongea hata moja.

Nimecheka nikiandika hivyo. Siku aliposema sikucheka.

Shangazi, uliuliza kwa nini Babu hataki kupokea simu yako. Baba alikujibu kwamba masikio yamezidi kuharibika. Si masikio. Babu alikukasirikia, tena kwa jambo ambalo hukulifanya, na nusu ya jambo hilo ni langu. Kwenye simu singeweza kukueleza, kwa sababu Baba husimama kando yangu, na hata asiposimama, unanijua: nikishika simu ulimi unanata kwenye kaakaa. Kwenye karatasi ninaweza.

Yote yalianza na ile kompyuta uliyotutumia walipobadilisha vifaa ofisini kwenu. Televisheni ya zamani ilikuwa imeshakufa kabisa, picha imebaki mstari mmoja mweupe, kwa hiyo Baba akasema kompyuta ikae sebuleni, iunganishwe na skrini kubwa, iwe ndiyo televisheni yetu, ndiyo redio yetu, ndiyo kila kitu. Lakini kompyuta peke yake haijui kunasa matangazo. Inahitaji kidude cha kuipokelea mawimbi kutoka kwenye antena. Fundi wa dukani anakiita kipokezi, nami nitakiita hivyo. Kwa vile maandishi ya kwenye maboksi yote ni ya lugha ya shuleni, nikaambiwa nikachague mimi.

“Bubu ndiye msomi wetu,” Kaka alisema. Bubu ni mimi. Babu na Bubu, ndivyo anavyotuita tukikaa pamoja. “Mmoja hasikii, mwingine hasemi. Wakigombana hao, nyumba haitajua!”

Kabla sijaenda mbele, ukumbuke Babu anavyotazama televisheni. Anategemea maandishi yanayopita chini ya picha, na anayasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwizi ameshakamatwa, ameshafungwa, na Babu bado anatusomea jinsi alivyoingia dirishani. Mimi nilikuwa nakaa sakafuni karibu na kiti chake kwa sababu nilipenda kuisikia filamu mara mbili. Wengine walikuwa wanaumwa roho.

“Babu, tumeshaona!” Kaka anapiga kelele. “Tuna macho!”

“Eh?”

“Nimesema tuna macho!”

“Macho? Ah, yananiwasha kidogo tu, mjukuu wangu. Ahsante kwa kuuliza.”

Hapo Baba anacheka mpaka anajifuta machozi, na Mama anageuza uso ukutani mabega yakimtikisika. Babu naye anacheka, kwa sababu anaona watu wanacheka. Hilo ndilo lililokuwa linanikata maini.

Dukani fundi alinitolea vipokezi vitatu. Nilishindwa kuuliza, nikampa karatasi niliyoandika swali langu: kipi kinaonyesha maandishi? Akaisoma, akawageukia wateja wengine, akasema, “Jamani, leo nimeandikiwa barua ya posa.” Wakacheka. Nikajikaza kisabuni nikabaki pale. Baadaye alinihurumia akanieleza. Cha kwanza ni kijiti cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Ni chepesi, lakini programu yake inayala maandishi, huyaoni kabisa. Cha pili ni kadi ya kufunga ndani, ni nzuri, ila kompyuta yako ni ile nyembamba na mfuniko usingefunga. Cha tatu ni kisanduku cheusi, kidogo kuliko kitabu cha hesabu. Huki­chomeki kwenye kompyuta kabisa. Unakipa waya wa antena, unakiunganisha na mtambo wa intaneti, nacho kinarusha matangazo kwenye skrini yoyote iliyomo nyumbani, maandishi yake yote yakiwemo, na stesheni mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Shangazi, niliposikia stesheni mbili, nilikishika mkononi palepale. Niliona vita vya rimoti vimekwisha. Niliona Kaka na mpira wake kwenye simu yake kule chumbani, na Babu na taarifa yake ya habari sebuleni, kwenye kiti chake, bila mtu kumfokea. Nilikichagua kwa ajili ya Babu. Hilo naomba uliamini kabla hujasoma mengine.

Nilikifunga mwenyewe. Nilipanda darini na tochi mdomoni, nikapitisha waya, na picha ilipotokea ilikuwa safi mpaka unahesabu vifungo vya shati la mtangazaji. Baba alinipiga begani. “Kumbe Bubu ana kichwa!” Mama alinipakulia kipande cha nyama alichokuwa amemwekea Kaka. Ninakiri kwamba nilivimba. Sijazoea kusifiwa, na sifa zilinilevya kama mtu aliyekunywa tumbo tupu.

Ndipo Mama akauliza, kwa upole wake ule ule: “Kwa hiyo hata chumba cha nyuma kinapata?”

Nikajibu kwa sauti, mbele ya wote, sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mezani: “Ndiyo, hata chumba cha nyuma, picha inafika vilevile na maandishi hayapungui.”

Wakatazamana. Nikadhani wanaustaajabia utaalamu wangu.

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikakuta meza ya kupigia pasi na feni mbovu na magunia vimetolewa chumba cha nyuma na kurundikwa uani. Unakijua chumba hicho: dirisha linafungukia ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Kitanda cha Babu kilikuwa kimeshaingizwa, na kiti chake, na ile skrini ndogo iliyokuja na kompyuta yako. Babu alikuwa amekaa katikati ya vitu vyake, mikono magotini, kama abiria.

“Sebule inapakwa rangi,” aliniambia. “Wamenihamisha harufu isinidhuru kifua.”

Hakuna rangi iliyokuwa inapakwa, Shangazi. Kaka ndiye aliyeibuni rangi hiyo ili Babu ahame bila maneno. Kwa siku nyingi Babu alikuwa akiniuliza nikimpelekea chai, “Imekauka?” Nami natikisa kichwa kwamba bado. Kaka akaufanya huo ndio mchezo wa nyumbani. Mtu akiuliza kama maharage yameiva, anajibiwa, “Bado hayajakauka!” na meza nzima inaangua kicheko.

Mwishowe Babu alichoka kungoja. Alikuja mwenyewe na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa sebule. Akaweka kiganja ukutani, akakitazama. Hakina kitu. Pale palipokuwa kiti chake pana kabati jipya la viatu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya skrini kubwa, nakaza waya.

“Nani ameamua hivi?” akauliza.

Wewe unajua nyumba hii ilijengwa kwa gharama gani. Ilijengwa kwa masikio yake, yaliyoharibikia kule kiwandani kwenye mashine za kufuma, miaka yote ile watu wanaongea kwa ishara kwa sababu ya kelele. Nilingoja Baba aone haya. Baba aliinama sikioni mwake akasema kwa nguvu:

“Binti yako! Yule wa mbali! Ndiye aliyechagua hiki kipokezi. Amesema mzee apewe chumba chake na televisheni yake, asisumbue watu!”

Asiyekuwepo na lake halipo. Kaka aliuzika uso kwenye mto wa kochi. Mama akaenda jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu motoni.

Babu akanigeukia mimi. “Kweli?”

Alinichagua mimi kwa sababu anajua sina mazoea ya kudanganya. Lilikuwa neno moja tu, hapana, na hata kutikisa kichwa kungetosha. Niliitazama miguu yangu. Shangazi, mtu ambaye hasemi kila siku akinyamaza, nani atajua kwamba safari hiyo amenyamaza kwa woga? Babu alichukua kimya changu kuwa ndiyo. Akageuka akarudi alikotoka, fimbo ikigonga, na Kaka akasema kwa sauti ya mtangazaji, “Na sasa tunaelekea chumba cha nyuma.”

Ulipopiga simu Jumapili ile, Baba alimpelekea. Babu hata hakuigusa. “Mwambieni ninatazama televisheni,” alisema. Ndivyo alivyosema kila Jumapili tangu hapo, na wewe ukaambiwa masikio.

Na ile picha Baba aliyokutumia, ukafurahi, ukasema baba yako anatabasamu mbele ya skrini yake: hatabasamu. Mdomo uko wazi kwa sababu alikuwa anasoma maandishi. Anasoma peke yake mle ndani siku nzima, hata matangazo ya sabuni, na sauti inapita chini ya mlango mpaka sebuleni, na wao wanaongeza sauti ya skrini kubwa.

Jumapili iliyopita ulipokata simu, nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba umeahidi kumletea mzee skrini kubwa zaidi. Hapo ndipo kitu kiliponikatika. Niliandika kila kitu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nikaenda chumba cha nyuma nikamwekea mapajani.

Hakuisoma. Aliisukuma ikaanguka. “Nimechoka kusoma,” akasema. “Siku nzima ninasoma. Una neno, sema.”

Nikasema.

“Eh?”

Nikasema tena, nikikaribia.

“Eh? Unanong’ona nini?”

Shangazi, hakuna njia ya kumwambia Babu jambo la siri. Nilivuta pumzi nikapiga kelele kama mtu anayeita zimamoto: “Si Shangazi! Shangazi hajui lolote! Baba alikudanganya! Hapakuwa na rangi! Kipokezi nilikichagua mimi!”

Sebuleni mpira ulinyamazishwa. Kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa anasugua sufuria upande wa pili wa ukuta aliacha kusugua. Nikasikia kandambili za Baba koridoni, hazina haraka. Akasimama mlangoni. “Leo umepata sauti,” akasema. “Vizuri. Basi na ujibu: nani anamfulia? Nani anaamka akikohoa? Wewe na barua zako, au mama yako?” Na ni kweli, Mama ndiye anayemfulia.

Babu hakumtazama Baba kabisa. Alikuwa ananitazama mimi, muda mrefu, kama anayesoma maandishi yanayopita haraka.

“Kwa hiyo ni wewe,” akasema.

Nilitaka kumweleza kijiti, na kadi, na stesheni mbili, na kwamba nilikichagua kwa ajili yake. Lakini ingenibidi niyaseme yote hayo kwa kelele, na sauti ilikuwa imekwisha.

“Ukitoka,” akasema, “funga mlango.”

Nilifunga.

Sasa Kaka haniiti tena Bubu. Ananiita Spika. Baba hajanigusa, ila ananipita kama anavyokipita kiti. Kabati la viatu liko palepale. Na Babu haongei na mimi. Nikimpelekea chai anaipokea, macho kwenye skrini, anasoma. Hiyo ndiyo zawadi aliyoipata mtaalamu wenu wa vipokezi.

Lakini kwako, Shangazi, amefunguka. Ukishaisoma barua hii, piga simu. Usipige ya Baba, piga ya Mama, saa za mchana. Ongea kwa nguvu na polepole. Tafadhali usinitetee, utamchosha. Muulize tu habari zake umsikilize. Kisha muombe Baba, wewe dada yake mkubwa, mtu pekee ambaye yeye anamwogopa, akuambie kiti cha Babu kiko wapi. Muulize hivyo tu, unyamaze, ungoje ajibu. Na ile skrini kubwa usiitume. Ikifika, watasema mzee sasa hana anachokosa, na mlango ule hautafunguliwa tena ila kwa sahani.

Wasalimie binamu zangu, yule mkubwa anayejifanya haoni ujumbe wangu na yule mdogo asiyependa kulala. Mama angekusalimu kama angejua ninaandika. Babu anakusalimu sana, anasema umlindie afya yako, na anauliza kama bado unasuka nywele zile za kitoto. Salamu hizo hakunipa mimi. Nimezisikia akimpa Mama, nikiwa nje ya mlango na kikombe.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wa kukuitikia unapoita.

Mimi nikupendaye kwa moyo wote,
Binti wa kaka yako