Mahali pa Wa Saba

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha zamani cha plastiki.
Jumapili, tarehe 9 Machi,
mwaka wa arobaini na sita tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea kwanza salamu zangu, mengine yafuate. U mzima? Lile goti la kushoto bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji, ameacha kweli sigara, au bado anajificha nyuma ya bafu akidhani moshi hauna miguu? Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Siku hizi naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Utanivumilia.

Barua yako imefika, nami nimeisoma mara nne. Unasema mpwa wangu anaoa baada ya miezi mitatu, nyumba ni ile ile, na chumba pekee kisicho na mtu ni changu, ambacho marehemu mama aliagiza kisiguswe mpaka nirudi. Unataka neno langu: narudi au sirudi? Ni swali la haki. Wiki iliyopita nilikaa nikujibu, kalamu ikanigomea. Halafu jana limetokea jambo lililonivuruga kichwa, na sina wa kumweleza ila wewe.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba miaka ya mwanzo huku nilifanya kazi katika kiwanda cha wanasesere? Mimi niliyesomea historia nilikuwa mfungaji wa maboksi. Tulikuwa na seti iliyoitwa Walinzi wa Lango: wanasesere saba wa plastiki, kila mmoja urefu wa kidole gumba, wamelazwa katika boksi lenye mashimo saba, kila shimo kwa umbo la mwenyewe. Maboksi yote yalikuwa tayari, kalibu ya wa saba ikapasuka. Kalibu ni kile chuma wanachomiminia plastiki ipate umbo. Msimamizi hakutaka kutupa maboksi. Akanijia, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa safi: "Msomi, andika chochote kwenye karatasi ya maelezo, watoto wasiulize."

Niliandika nikiwa nimesimama, kwa dakika tano labda: "Wa saba ametoka kwenda kuangalia njia. Mahali pake pasiguswe." Kisha nikarudi kufunga maboksi yangu.

Watoto wasiulize! Wameuliza miaka arobaini na minne.

Watoto wale leo wana mvi na vipara, na wanaandikiana kila siku kuhusu wa saba: alikwenda wapi, nani alimtuma, atarudi lini. Mjukuu wangu, fundi wa meno ya bandia, naye yumo katika mabishano hayo, ingawa ni kijana. Boksi alilirithi kwa mama yake. Jana alasiri alikuja na wenzake wawili: dereva wa basi wanayemwita Nahodha, na mwalimu wa hesabu, wote wawili watu wa makamo. Alikuwa amewaambia kuwa babu yake ndiye aliyeandika ile karatasi. Nikajua nimefuatwa kumaliza ugomvi. Nikachemsha chai, nikavaa shati la kola.

Nahodha anashikilia kuwa wa saba atarudi. Ushahidi wake ni Mwenye Taa, mlinzi wa tatu, ambaye uso wake umegeukia kushoto. Anamtazama nani kama si mwenzake anayekuja? Nikamweleza kwamba gundi ya msimu ule ilikuwa inakauka kabla hatujanyoosha vichwa. Alinitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, hiyo ni sababu ya kiwandani. Mimi nauliza sababu ya langoni."

Mwalimu wa hesabu akadakia kwamba hakukuwa na wa saba hata siku moja. Walinzi ni sita, na mmoja wao alijihesabu mara mbili ili apate sahani ya pili. "Tena wahenga wamesema, asiyekuwepo na lake halipo. Shimo lizibwe, tuendelee na maisha."

"Wewe?" Nahodha alicheka mpaka chai ikamwagika. "Asubuhi ya leo umepitiliza vituo viwili ndani ya basi langu, mwalimu wa hesabu mzima! Ndiyo unihesabie walinzi?"

Nikaona niwaambie ukweli wote. Kalibu ilipasuka, basi. Hakuna siri. Nikadhani yamekwisha. Kisha Nahodha akaweka kikombe chini kwa adabu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Usikasirike, mzee wangu. Wewe uliandika tu. Hukuwepo."

Mdogo wangu, niambie. Nicheke au nimfukuze?

Mjukuu wangu ndiye aliyeniokoa. Alisema yeye anaona wa saba alifika huko alikokwenda, akapata kazi, akaoa, sasa ana wajukuu.

"Mwanasesere ana wajukuu?" akauliza Nahodha.

"Mwanasesere uliyelala naye mto mmoja tangu darasa la pili, leo unamwonea aibu?" Halafu akanigeukia. "Lakini babu, kwa nini njia? Ungeweza kuandika anaumwa. Ungeweza kuandika amelala. Kwa nini kuangalia njia?"

Hapo ndipo nilipopotea, na mpaka naandika haya sijajikuta.

Siku zote nimeamini kwamba asubuhi ile ya vurugu nilitoka nyumbani kwenda kutafuta mafuta ya taa. Ndivyo nilivyowasimulia wanangu. Nilitoka, barabara ikafungwa nyuma yangu, nikapakiwa kwenye lori na watu nisiowajua, na kila safari iliyofuata ilinipeleka mbali zaidi. Hata kopo nalikumbuka, lile la bluu lenye mpini uliofungwa waya. Lakini mjukuu wangu alipoyarudia maneno yale kwa sauti, nilijisikia mwenyewe nimesimama mlangoni kwetu nikisema, ngoja nikaangalie kama njia ni salama, narudi sasa hivi. Na wewe umeshika komeo kwa mikono miwili.

Sasa sijui. Je, niliandika kwenye karatasi yale niliyoyasema mlangoni? Au karatasi ndiyo iliyoingia kichwani mwangu jana ikalifukuza kopo? Nilipokuwa nasoma tulifundishwa kwamba shahidi mwenye kumbukumbu mbili hana hata moja. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini ndiye uliyekuwa mlangoni. Nilikuwa na kopo mkononi? Mama alibaki akingoja mafuta, au alibaki akingoja habari za njia?

Nimalizie ya jana. Mjukuu alitoa kwenye mkoba mwanasesere aliyemtengeneza mwenyewe kazini, kwa ile plastiki ya kutengenezea ufizi wa bandia. Wa saba, mwekundu mpauko kama mdomo wa mtoto aliyeota meno! Akataka nimlaze mimi mahali pake. Nahodha alisimama akipaza sauti, "Pasiguswe!" Mwalimu naye, "Laza, mzee, laza!" Nikajaribu. Hakuingia. Kifua chake ni kipana, na shimo lilitengenezwa kwa umbo la yule wa kwanza. Mjukuu akasema ana tupa ndogo, atamkwangua kwa dakika mbili. Nikakataa. Sikuona sababu ya kumkwangua kifua ili aenee shimo lililokuwepo kabla yake.

Sasa amesimama dirishani kwangu, kando ya kopo la sabuni, anatazama barabara. Wale waliondoka wakibishana, nikawasikia mpaka ngazi ya chini kabisa.

Mwalimu alisema asiyekuwepo na lake halipo. Mama aliukataa usemi huo, nawe umeulinda mlango wa chumba changu miaka yote hii. Ahsante, mdogo wangu. Inatosha. Fungua chumba. Kitanda kitoeni, miguu yangu ilikuwa inaning'inia tangu zamani, sembuse watu wawili. Vitabu achukue mpwa wangu avitakavyo. Ramani ya ukutani muulizeni bibi harusi. Akiipenda ibaki, ila ajue mipaka yake mingi si ya kweli tena.

Msalimie shemeji. Msalimie mpwa wangu na mwenzake, waambie mjomba anawaombea nyumba yenye kicheko na mlango usio mzito kufungua. Msalimie na binamu yetu Kijiko, kama bado anakula kwa haraka vile. Mungu akupe afya ya kuwaona wajukuu, na goti la kuwakimbiza.

Nijibu kuhusu lile kopo, usiogope kunikosoa. Nilisema nini mlangoni, sijui. Kwamba nilisema narudi sasa hivi, hilo nina hakika nalo. Sitarudi.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda tangu mlangoni pale mpaka dirishani hapa.